Baba Hawezi Kulala Chali

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo, na mimi nimeanza daftari. Si kwa mapenzi ya kuandika. Kutwa nzima naandika ofisini: barua za mwalimu mkuu, orodha za wanafunzi, vyeti vya uhamisho. Daftari hili ni la hasira. Mimi na Baba tumezungushwa tangu mwaka juzi, kila dirisha la hospitali lina maneno yake, na nikirudi kesho yake naambiwa sikuambiwa hivyo. Kuanzia leo kila wanachosema nakiandika, na tarehe naiweka.

Haya, ya leo. Daktari wa macho amesema mtoto wa jicho amekomaa katika macho yote mawili. Jicho la kulia linaona mwanga tu. La kushoto linamwona mtu kama kivuli. Dawa yake ni kupasua na kuweka lenzi, kazi ya dakika ishirini kwa jicho moja. Nikafurahi mapema. Kisha akafungua faili, akafika penye habari za moyo, akavua miwani.

"Mzee anasikia?"

"Hasikii tangu utotoni, daktari. Mimi ndiye ninayemsemea."

"Basi hapa pana kazi."

Nieleze, maana siku moja nitalisoma daftari hili nikiwa nimesahau. Baba ni seremala, na nyumbani kwetu tunazungumza kwa ishara. Mimi nilijua ishara kabla sijajua kusema. Sasa haioni mikono yangu. Yeye bado ananisemesha kwa mikono yake, maneno mengi kama zamani, na mimi namjibu kwa kumwandikia herufi kiganjani kwa kidole. NDIYO. HAPANA. KULA. TWENDE. Mtu aliyenilea kwa visa virefu, leo namjibu kwa neno moja. Macho yakifa kabisa, Baba atabaki peke yake ndani ya kichwa chake, na sisi tutabaki nje tukimgongea kiganja. Ndiyo maana nikisikia neno "subiri" damu inanichemka.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Nimechelewa kazini. Mwalimu mkuu aliitazama saa ya ukutani, kisha akanitazama mimi.

Alhamisi, 13 Machi

Daktari wa moyo. Tumefika saa moja asubuhi, tumeonwa saa saba mchana.

Anasema moyo wa Baba umepanuka na hausukumi damu inavyotakiwa. Kumlaza usingizi ni marufuku. "Kulala atalala. Kuamka ndiko sikuahidi." Dawa ya kufanya damu iwe nyepesi isisimamishwe hata siku moja, kwa hiyo na sindano ya ganzi nyuma ya jicho haitaki, asije akavuja damu mahali pasipoonekana. "Waambie watumie matone. Wanadondoshea ganzi jichoni, basi. Moyo wala hautajua."

Nikashika mkono wa Baba, tukavuka ua kwenye mvua hadi jengo la macho, kumpelekea mwenzake habari njema.

"Matone nayapenda," akasema daktari wa macho. "Ila matone yanaua maumivu, hayaui kutikisika. Jicho linabaki huru, linazunguka linavyotaka. Nikisema tazama taa, lazima atazame. Nikisema tulia, lazima atulie, sasa hivi, si baadaye. Huyu nitamwambiaje, na uso nimeufunika shuka?"

"Nitakuwa pembeni yake. Nitamwandikia kiganjani."

Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyeahidi kubeba gunia. Akasema atafikiria, nilete barua ya daktari wa moyo.

Kwa hiyo mmoja hataki Baba alale kwa sababu ya moyo, na mwingine hataki abaki macho kwa sababu ya masikio. Tumekuwa mpira wa danadana.

Jumamosi, 15 Machi

Nimempeleka Baba akanyolewe kwa Kitinda. Huyu ni mdogo wangu, kitinda mimba wa Mama, na jina hilo limemganda mpaka leo ana miaka thelathini na minne na kibanda chake cha unyoaji. Nikamwacha Baba mlangoni, nikakimbilia duka la dawa. Niliporudi, Kitinda alikuwa anacheka na wateja wake.

"Dada, umekunja uso. Hospitali wanasemaje?"

"Ungekuwa unakwenda ungejua."

Kumnyoa mtu ndevu mara moja kwa wiki, basi ameshatimiza wajibu. Foleni, mafaili na matope ni vya dada yake.

Alhamisi, 20 Machi

Barua ya moyo nimeipata. Mistari mitatu na muhuri.

Jumatatu, 24 Machi

Dirisha la faili la jengo la macho lina muuguzi mmoja mnene, mpole, ambaye mimi namwita Bi Subiri. Sijamsikia akianza sentensi kwa neno jingine.

"Subiri, mama. Daktari amekubali matone. Tarehe ya karibu ni Aprili ishirini na nne."

Nikamshukuru Mungu hadharani. Nikageuka niondoke.

"Subiri. Barua hii ya moyo inadumu siku thelathini. Aprili ishirini na nne itakuwa imekwisha nguvu."

"Basi nipe tarehe ya mapema."

"Hakuna."

"Basi ipokee barua hii hii."

"Siwezi, mama."

Nilisema maneno ambayo siyaandiki humu. Barua inadumu mwezi mmoja, foleni ina urefu wa mwezi na zaidi. Mgonjwa wa moyo apasuliwe lini? Watu wawili nyuma yangu walikuwa na barua kama yangu, nao walikuwa wanahesabu siku kwa vidole.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua siku ya nne. Karakana ya Baba inavuja juu ya mbao. Anapapasa, anazisogeza, anazinusa kama zimeloa.

Jumanne, 8 Aprili

Baba ameniambia kwa mikono, kitandani, kwamba usiku analala ameegemea mito mitatu na wakati mwingine anaamka kukaa. Kifua kinamjaa akishuka chini. Akaeleza kirefu, na ishara ya maji yanayopanda. Nilikuwa nakimbilia kazini. Nikamwandikia: SAWA.

Ijumaa, 18 Aprili

Barua mpya ya moyo. Foleni imekula saa tano. Mwalimu mkuu ameniita ofisini kwake: "Sikukatazi kumhudumia mzazi. Lakini shule nayo ina mzazi?" Sikuelewa swali, nikaitikia tu ndiyo.

Jumatano, 23 Aprili

Leo tumejaza fomu ya kesho. Bi Subiri anasoma, mimi najibu, kalamu yangu inakwenda. Anatumia dawa gani? Hizi. Ana kisukari? Hapana. Anakohoa? Hapana. Anaweza kulala chali nusu saa?

Hapo nilisimama. Niliiona ile mito mitatu. Lakini niliyaona pia yatakayofuata nikisema hapana: rudi kwa daktari wa moyo, barua nyingine, siku thelathini nyingine, tarehe ya Juni. Baba alikaa kando yangu, viganja juu ya magoti, akingoja aambiwe. Nikasema, "Anaweza." Nikaweka tiki. Dakika ishirini tu, nikajiambia, ataweza kujikaza.

Alhamisi, 24 Aprili

Nitaandika yote kama yalivyokuwa.

Walinivisha gauni la kijani na kofia, nikaingia na Baba chumba cha upasuaji. Baridi. Walimdondoshea matone mara tatu, wakamwekea nyaya kifuani, mashine ikaanza kulia polepole. Presha ilikuwa nzuri. Baba alitulia, hata alinitania kwa mkono mmoja kwamba kofia ile inanifaa kuliko kilemba.

Wakamlaza chali. Wakamfunika uso, jicho la kulia tu likabaki nje. Nikakaa kwenye kigoda, kiganja chake juu ya goti langu.

"Mwambie atazame taa," akasema daktari.

Nikaandika: T, A, Z, A, M, A. Nilipofika M, jicho lilikuwa limeshazunguka kwingine. Nikaanza tena, haraka zaidi. Baba akakunja ngumi, ishara ya kwamba hajaelewa. Daktari akasema, "Mwambie atulie." Nikaanza: T, U...

Hapo kifua chake kikaanza kupanda. Akakohoa mara moja. Mashine ikakimbia. Akauchomoa mkono wake mikononi mwangu, akaanza kuonyesha ishara hewani, kando ya shuka, na mimi ndiye mtu pekee mle ndani aliyejua anasema nini. Alikuwa anasema maji. Maji yanapanda. Alikuwa anayarudia yale yale aliyoniambia kitandani.

"Mwinueni!" nikasema, na sijui kama nilisema au nilipiga kelele.

Wakararua shuka, wakamkalisha, wakamwekea hewa usoni. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Ilichukua muda mrefu, sijui dakika ngapi, hadi mashine ikarudi mwendo wake. Daktari wa macho alikuwa ameshika kisu mkononi wakati wote huo. Akakiweka kwenye sahani taratibu.

"Bahati yetu sikuwa nimekata," akasema. "Dakika moja zaidi, jicho lingekuwa wazi na yeye anakurupuka. Tungelipoteza." Akachukua faili. "Fomu inasema analala chali. Nani alijaza?"

"Mimi."

"Ulimwuliza?"

Hakuna aliyenipigia kelele, na hilo liliniuma zaidi. Nilipotoka nje, Bi Subiri alinivua kofia kwa mkono wake kwa sababu mimi nilikuwa nimesahau kuivua. Mchuma janga hula na wa kwao. Langu nimelichuma kwa kalamu, karamu ikawa kifuani kwa Baba.

Ijumaa, 25 Aprili

Mvua. Sijakwenda kazini. Baba hataki nimshike mkono, anapapasa ukuta.

Jumapili, 27 Aprili

Baba ameniita, akaniketisha mbele yake ili niione mikono yake, akasema. Nayaandika kama alivyoyasema.

"Tangu mama yako afariki, wewe ndiye mdomo wangu. Sikukataa, na nakushukuru. Lakini siku hizi mdomo unajibu kabla mimi sijaulizwa. Nilikwambia habari ya kifua. Ulisikia?"

Nikaandika kiganjani: NDIYO.

"Ukasemaje kwao?"

Nilikuwa na ya kumjibu, kurasa nzima. Foleni, barua, siku thelathini, saa ya mwalimu mkuu, hofu yangu kwamba nitakuja kuamka siku moja na nisiweze kumwambia chochote tena. Hayo yote yaingie kiganjani herufi moja moja? Nikaandika: SAMAHANI.

"Nitajaribu tena," akasema. "Lakini ndani usiingie wewe. Aingie mdogo wako. Mkono wako unaniharakisha."

Nimetoka nje nikasimama chini ya paa la karakana mpaka nikaloa. Miaka miwili nabeba mafaili. Anayechaguliwa ni kinyozi.

Jumanne, 29 Aprili

Daktari wa moyo. Safari hii nilimwambia yote, na mito, na tiki. Hakunigombeza, amemwongezea Baba kidonge cha kutoa maji mwilini. Barua mpya. "Na asilale chali," akaandika, akapigia mstari.

"Sasa atapasuliwa amesimama?" nikamwuliza.

"Hilo ni la mwenye kisu, dada yangu."

Jumamosi, 3 Mei

Leo mvua ilinishika mlangoni kwa Kitinda, ikaniingiza ndani kwa nguvu. Miaka yote sijawahi kukaa kumtazama akimnyoa Baba.

Kiti chake kinalala nyuma, si chali kabisa, kama mtu aliyeegemea mkeka uliokunjwa. Baba alikuwa amelala humo, shingo wazi, amestarehe, anapumua kama mtoto. Kitinda akagusa bega lake kwa vidole viwili. Baba akaganda, hata mate hakumeza, na wembe ukapita kooni. Kidole kimoja nyuma ya sikio: Baba akapandisha macho juu. Kiganja chote juu ya bega: Baba akashusha pumzi, akameza, akakohoa. Kisha vidole viwili tena, akaganda. Baba naye, akitaka kusimamishwa, alibana kidole gumba cha Kitinda, na wembe uliondoka shingoni mara hiyo hiyo.

Niliitazama saa. Dakika ishirini na tano. Hakuna herufi hata moja iliyoandikwa.

"Nani aliwafundisha haya?"

"Nani atufundishe, Dada? Wembe. Mtu hasikii, na macho yamekwenda, na mimi nina chuma shingoni mwake. Ilibidi tuelewane."

"Kwa nini hukuniambia?"

Akafuta wembe kwenye taulo. "Wewe hukaa? Unamwacha mlangoni, unakwenda. Na ukirudi una maneno ya hospitali mdomoni. Mimi nikisema kitu unaniambia ningekuwa nakwenda ningejua."

Nilikuwa na hamu ya kugombana naye, lakini macho yangu yalikuwa kwenye kiti. Nikamwomba asikishushe wala kukipandisha kiti. Nikakimbia nyumbani kwenye mvua ile ile, nikachukua kipimapembe cha Baba cha useremala, nikarudi nikapima mgongo wa kiti, nikakaza parafujo ya kipimapembe ili pembe isihame.

Jumatano, 7 Mei

Niliweka kipimapembe mezani kwa daktari wa macho, Kitinda akiwa nyuma yangu. Nilijiandaa kwa lile jicho lake la mtoto aliyeahidi kubeba gunia. Nikasema, "Hivi ndivyo anavyoweza kulala. Zaidi ya hapo kushuka, hawezi. Nimemwuliza yeye mwenyewe mara tatu."

Akakinyanyua, akakitazama kwenye mwanga wa dirisha. Nikamweleza na zile alama za kugusa. Akamwita Kitinda karibu, akajikalisha yeye mwenyewe kwenye kiti, akafumba macho. "Nifanyie mimi." Kitinda akamgusa bega kwa vidole viwili, daktari akaganda. Wakarudia hadi akazijua alama zote.

"Kitanda changu kinainuka kichwani," akasema. "Kawaida nafanya kazi nimekaa. Kwa pembe hii nitasimama. Mgongo utaniuma mimi, si yeye." Akanigeukia. "Hii barua ya moyo inaishia lini?"

"Mei ishirini na tisa."

Akamwita Bi Subiri. Nikakaza meno nikingoja lile neno lake. Bi Subiri akafungua droo, akatoa faili la Baba. Lilikuwa humo tangu Aprili. Hakulirudisha kabatini, kwa sababu likirudi kabatini, jina linakwenda mwisho wa foleni. "Alhamisi ya wiki ijayo kuna mmoja kaahirisha," akasema. "Nilikuwa namwekea mzee."

Mwezi mmoja na nusu ninamsema mwanamke huyu ndani ya daftari hili.

Jumatatu, 12 Mei

Manyunyu. Baba amelala mito miwili badala ya mitatu. Kidonge kinafanya kazi.

Alhamisi, 15 Mei

Wameingia saa tatu na robo. Fomu alijaza Baba mwenyewe: Bi Subiri aliuliza, mimi nikaandika kiganjani, nikangoja mikono yake imalize, ndipo nikasema. Ilituchukua saa nzima. Watu waliokuwa nyuma walisonya, nikawaacha wasonye.

Mlango ukafungwa, na mimi nikabaki upande wa nje.

Sikujua kwamba kungoja ni kazi ngumu kiasi hiki. Miaka yote mimi ndiye niliye ndani, nasema, nasukuma, nagombana. Leo sina wa kumsemea. Nilisikiliza mashine kupitia mlango, sikuisikia. Nilihesabu vigae vya sakafu. Nikikumbuka ile midomo yake nasimama, nikisimama Bi Subiri ananitazama tu, na safari hii hakusema subiri. Alisogeza kiti chake, tukakaa wote wawili.

Saa nne kasoro dakika kumi Kitinda akatoka. Kofia imemkaa upande. Kidole gumba cha kulia kilikuwa chekundu.

"Alikibana mara moja," akasema. "Katikati. Nikasema 'acha', daktari akaacha papo hapo. Baba akakohoa, akatulia, nikamgusa, akaganda. Wakaendelea." Akakaa chini sakafuni, mgongo ukutani. "Dada, nilikuwa naogopa. Mkono tu ndio haukuogopa."

Nikakaa naye sakafuni. Nikamshika kile kidole.

Ijumaa, 16 Mei

Wamemfungua jicho saa mbili na nusu asubuhi.

Daktari alinyoosha vidole vitatu, Baba akaonyesha vitatu. Kimoja, kimoja. Baba akatazama dirisha muda mrefu, kisha mlango, na nina hakika alikuwa anazikagua mbao zake. Akamtazama Kitinda. Kisha akanigeukia mimi, akanitazama usoni, na ule uso wake ukabadilika.

"Umekonda," akasema kwa mikono. "Macho yamekuingia ndani. Kila siku nilikuuliza hujambo, ukaniandikia SAWA. Kwa nini ulinidanganya?"

Mikono yangu ilijibu kabla sijaamua. Nilimwuliza kiganja kina nafasi gani ya kuandika "nimechoka". Nilimwambia habari ya tiki, jinsi nilivyosimama pale na kalamu, na nilivyoiona mito yake na bado nikasema anaweza. Akasema alikwishanisamehe. Nikasema sikuomba msamaha wa haraka, nataka kwanza asikie. Akasema mimi ni mkaidi kama mama yangu. Nikamwambia yeye ndiye aliyemchagua kinyozi bila kuniuliza nitajisikiaje, na kwamba niliumia, na nililoa mvua, na bado nimeumia. Akapiga paja. Nikapiga langu. Mikono yetu ilikuwa juu, inakatizana, hakuna anayemngoja mwenzake.

Bi Subiri akaja mbio. "Kuna nini? Jicho linamuuma?"

"Hapana," akasema Kitinda. "Wanagombana. Waache."

Baba akanishika vifundo vya mikono vyote viwili, akavishusha, kisha akaviachia. Machozi yalikuwa yanamtoka kwenye jicho jipya, na daktari alikuwa anatafuta pamba.

"Polepole," akasema Baba kwa mikono. "Miaka miwili nimezoea neno moja moja. Anza tena mwanzo."

Nikaanza tena mwanzo, polepole, na sikuruka hata neno moja.